Kiganja Kifuani

Juzi daktari aliponiuliza panauma wapi, niliweka kiganja kifuani, nikamkumbuka mama siku alipotoka eda ya baba. Alinishika mkono tukapita mtaa wa Mabawa kwenda kufungua duka la marehemu, ambalo enzi zile za uhaba wa bidhaa lilibakiwa na harufu ya sabuni tu. Kila baada ya hatua chache alisimama, kiganja kifuani.

“Bi Zaina, rudi ukapumzike,” jirani alimsihi.

“Aliyekufa ni mume wangu, shoga. Duka lake lingali hai.”

Nilidhani watu wazima husalimiana hivyo, nami nikaweka kiganja changu kifuani, nikatembea kwa maringo, kichwa juu. Leo najua moyo ulikuwa ukimuuma tangu maziko. Hata hivyo, mbele ya daktari, kichwa changu kiliinuka chenyewe.