Mshale wa Kulia

Mashine ya kucheza iliingia Tunduma mwaka 2009, kwenye kibanda cha gemu cha Marta, hatua chache kutoka foleni ya malori ya mpakani. Mbele ina kioo, chini jukwaa lenye mishale minne, nyuma bomba la kujishikia. Muziki ukilia, mishale inapanda kwenye kioo, nawe unakanyaga ule wa jukwaani unaofanana nayo kwa wakati wake. Ukipatia, inakusifu. Ukikosa, inakuzomea mbele za watu.

Marta aliipenda na alizijua tabia zake. Madereva waliokwama siku ya tatu, wamenuna, walishuka jukwaani wanatokwa jasho na kucheka na watu wasiowajua. Ubaya wake nao haukufichika. Nyimbo kumi na moja tu, zote za kigeni, na umeme ukipungua ziliburuta sauti kama mlevi. Kubwa zaidi, haikuwa na macho. Ngusa, kijana wa bondeni Momba, alicheza mabega mpaka wauza machungwa wakaacha biashara, nayo ikampa sifuri. Siku hiyo Marta aliitukana waziwazi.

Mwenyewe hakuwahi kuipanda. Polio ilimpooza mguu wa kulia akiwa mtoto kule Hasamba, na tangu hapo alitembea kwa fimbo. Kwenye sherehe, watu wakipanga mstari kupeleka zawadi huku wakicheza, yeye alimkabidhi mtu kanga yake na kubaki kitini akipiga makofi. Alisema amezoea. Sasa binti yake Judith alikuwa anaolewa, sendofu, sherehe ya kumuaga, ikiwa mwezi Agosti, na mama mzazi ndiye huongoza mstari. Marta akamwomba mdogo wake, Roda, aongoze badala yake. Judith aliposikia hakugomba. Aliinuka tu, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Wiki hiyohiyo mshale wa kulia ukafa. Danieli, fundi redio, akaufungua na kuweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira ukawa mwembamba mno, mshale ukawa unaitika hata kwa kuguswa. Akawasha wimbo wa kujaribia, akaenda kutafuta chai. Marta alipanda kufagia uchafu wake, fimbo ikagusa mshale.

"Pafekti!" mashine ikapiga kelele.

Marta aligeuka kuona kama kuna mtu. Hakuna. Akalishika bomba kwa mkono wa kushoto, akagusa tena kwa fimbo, akakanyaga kwa mguu mzima. Danieli aliporudi na kikombe, alimkuta anahema.

"Mama Judith, fimbo si mguu. Huo wizi."

"Mashine imelalamika?"

"Haijalalamika."

"Basi kunywa chai yako."

Akamkataza kuutengeneza upya. Kila asubuhi, kabla ya wateja, alifunga pazia na kucheza. Judith, akileta uji, alimchungulia kwa nje, akaona alivyoling'ang'ania bomba, akauacha uji mlangoni.

Siku ya sendofu, mstari ulipopangwa, Marta alimshika Roda mkono. "Mdogo wangu, nisamehe. Nitaongoza mwenyewe." Akatoka na kanga begani. Fimbo kulia, mguu kushoto, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Katikati ya ukumbi mkono wake wa kushoto ukatafuta kitu cha kushika, usikipate. Akasimama. Watu wote wakamwona.

Judith akainuka kwenye kiti chake cha mapambo. "Bibi harusi hainuki! Bibi harusi keti!" mshereheshaji akapaza sauti kwenye maiki. Judith hakumsikia, au hakutaka. Akavuka ukumbi na gauni lake refu, akaja kusimama kushoto kwa mama yake, akainamisha bega.

"Shika bomba, mama."

Marta akashika. Wakaanza upya, huyu anacheka, huyu analia, wakikanyagana na kuuacha muziki mbali, mpaka wakafika mbele. Mashine ingewapa sifuri.