Rada ya Manowari ya Mzee

Tiki-tiki-tiki, fyuu. Mpaka leo nausikia ule mlio wa kitu kidogo kigumu kikipanda ndani ya bomba la mashine ya kufyonza vumbi. Nilizima haraka, lakini chenyewe kilikuwa kimeshafika kilikokuwa kinakwenda.

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani, huku Hallonbergen, Uswidi. Mzee huyu ni Mswidi, fundi chuma mstaafu, na meza ya sebuleni kwake ilikuwa bandari ya meli moja tu: manowari ya kubeba ndege, ya plastiki, ndefu kama mkono wangu, aliyokuwa akiiunda kwa gundi mwaka wa tatu sasa. Nilimwita Mzee. Nilipomweleza kwamba kwetu hiyo ni heshima, akaanza kujitambulisha hivyo hata kwa daktari kwenye simu.

Shule yangu iliishia kidato cha nne, na fizikia tuliachana mapema zaidi, lakini meli ile niliielewa.

"Mbona mnara umesukumiwa pembeni kama choo?" nilimwuliza siku moja.

"Ukikaa katikati, ndege itatua wapi? Kichwani kwa nahodha?"

"Na hizi lifti mbili?"

"Zinapandisha ndege kutoka ghalani, huku chini."

Kichwani mwangu nilishaipangia harusi yangu: wageni mia tatu sitahani, bibi harusi anapanda kwa lifti moja, pilau kwa lifti ya pili. Bwana harusi tu ndiye alikuwa hajapatikana.

Kilichobaki kilikuwa rada ya juu ya mnara, kitu kidogo kama punje ya mchele. Mzee aliiweka iwe ya mwisho. Mikono ilishaanza kumtetemeka, akasema hataunda meli nyingine, na Jumamosi alitaka kuipeleka hii kwa wenzake wa chama chao cha waunda meli. Kiwanda kilichotoa seti ile kilishafungwa, vipuri hakuna. Na Jumanne mimi nikaifyonza.

Niliumwaga mfuko wa vumbi kwenye beseni bafuni. Nikapata vifungo viwili, kidonge cha presha, na rada vipande vitatu. Nikafuta machozi kwa mkono ule ule, nikatoka nina masharubu ya vumbi. Mzee akasema yananipendeza. Sikumwambia kitu.

Nyumbani, nilimsimulia shangazi yangu, aliyekuwa anapika.

"Wewe mtoto! Unamlisha, unamwogesha, kumwambia ukweli ndiyo unaona haya?"

"Atalia, shangazi."

"Na wewe umeshalia, umekufa? Nipe karafuu hapo."

Nikampa. Moja ikabaki kiganjani: kijiti chembamba, kichwa cha duara, meno manne yamekizunguka.

"Shangazi, hii ni rada!"

"Hiyo ni ya pilau. Lete."

Sikuileta. Alhamisi, Mzee akiwa bafuni ananyoa ndevu, niliipaka rangi yake ya kijivu, nikaibandika mnarani. Akatoka, akavaa miwani ya kukuzia, akainama. Pua yake ikacheza.

"Mbona manowari yangu inanukia Krismasi?"

Huku watu huchomeka karafuu kwenye machungwa wakati wa Krismasi. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa.

"Kwetu inanukia pilau," ikaniponyoka, kisha yote yakafuata: mashine, bomba, beseni, na vile vipande vitatu nilivyovifunga kwenye tishu. Akaifungua tishu, akavipanga mezani. Nikatamani anigombeze.

"Siku mbili umenyamaza."

"Ndiyo, Mzee."

"Hilo ndilo linaloniuma. Rada, basi tena." Akaisogeza taa karibu. "Meli ya namna hii ikiharibikiwa katikati ya bahari haisubiri posta. Ina karakana tumboni, kipuri wanachonga wenyewe." Akaitazama tena karafuu yangu. "Lakini hii umeibandika imeinama kama mlevi. Wenzangu watatucheka."

Akanipa kibano. "Inyooshe wewe. Mimi mkono hautulii."

Nikabana pumzi, nikainyoosha. Alinihesabia mpaka gundi ikashika.

Jumamosi teksi ilikuja kumchukua, manowari ikiwa magotini mwake ndani ya boksi la ndizi. Mimi nikabaki kutandika kitanda. Nilipomaliza, nilifungua droo yake ya vipuri, yenye vichupa vilivyoandikwa kimoja kimoja kwa mkono wake. Nikachukua kichupa kitupu, nikatia karafuu tatu kutoka mfukoni, nikaandika "Rada" kwa herufi nadhifu kadiri nilivyoweza, nikakipanga baina ya matairi ya ndege na nanga.