Mahindi ya Kimea, Mahindi ya Mbegu

Kuna siku moja naikumbuka kila ninapoloweka mahindi ya kimea, mwanangu, na kwa kuwa umeniomba nikufundishe kupika pombe, itabidi tuanze na siku hiyo.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni zilikuwa haziji tena kwetu Kamina, dawa hazikuonekana, na homa ikamchukua mume wangu, akaniachia watoto wadogo. Katika ukoo wake, mjane hakuvua kitambaa cheusi mpaka ndugu wanywe pamoja pombe ya kimea, na kabla ya hapo hakuruhusiwa kushika jembe. Mvua zilikuwa zimekaribia. Nisingetolewa kwenye kilio, shamba lingelala, na watoto wangekula nini?

Nikapata mahindi yaliyoletwa kwa baiskeli kutoka Kaniama. Yalipendeza macho, makubwa, meupe. Nikayaloweka, nikayafunika kwa majani, nikangoja. Hayakuota, yalinuka tu. Kumbe yalikuwa yamekaushwa juu ya moto mkali, na punje iliyoungua kiini haitoi kimea hata uibembeleze. Yakabaki tu mahindi yetu ya mbegu, ya kupanda mvua zikija, yaliyoning'inia chini ya paa.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alipofika na ndugu wengine hakuzunguka, aliniamuru niyashushe.

"Tosha ile mbegu. Bila pombe, mujane hatoki mu kilio."

Nikayashusha. Nikapasua punje moja kwa jino, kiini kilikuwa cheupe, kizima. Nakuambia ukweli, roho yangu ilifurahi kidogo, maana nilijua kimea kitakuwa kizuri kuliko chote nilichowahi kuanika. Halafu nikawatazama watoto. Hata hivyo nikaanza kupukuchua huku nalia, kwani kitambaa kile kilikuwa kimenichosha.

Mama mkwe akatoka chumbani, akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye beseni.

"Usitie mayi," akaniambia, nisije nikayaloweka. Kisha akamgeukia mwanawe, akamsemea marehemu. "Miye njo nilimuzala. Hakukuwa muntu wa kula batoto yake."

Akachota maji matupu kwa kikombe cha pombe, akanywa, akampa shemeji. Shemeji alikishika muda mrefu. Angekataa, ningebaki ndani mpaka mvua zipite. Alikuwa mkali yule, lakini alimpenda ndugu yake. Akanywa. Wengine wakafuata. Mama mkwe akanivua kitambaa, yeye akabaki na chake cha kumlilia mwanawe.

Mahindi yale tuliyapanda juma lile lile.

Basi sikia, mwanangu. Chagua punje za mavuno ya msimu mmoja, zisizotobolewa na wadudu, zisizoonja moto. Loweka kiganja kimoja kwanza uone. Zikiota zote pamoja, umepata kimea. Lakini punje inayofaa kimea ndiyo hiyo hiyo inayofaa kupandwa, hakuna nyingine. Kwa hiyo kabla hujamwaga maji, tenga mbegu ya watoto. Na desturi ikikubana mpaka ikudai chakula chao, mtafute mtu mwenye moyo wa kuwa wa kwanza kunywa maji. Akikosekana, uwe wewe.

Mungu akujalie mavuno ya kutosha pombe na mbegu, usije ukalazimika kuchagua. Na ukilazimika, akupe mama mkwe kama yule.