Bei ya Kwanza Ilivyotaka Kumponza Maimuna

Saa tatu asubuhi, Kilwa Kivinje. Maimuna Likwata amemkunjia uso mteja aliyetoka kijiji cha Miteja. Mkononi ameshika zulia la makumbi ya nazi, la kufutia miguu mlangoni.

“Elfu ishirini, mama yangu.”

“Sita.”

“Sita? Hata mnazi wenyewe utakucheka!”

Baada ya kuulizana hali za watoto na kuapiana mara mbili, wanakubaliana elfu kumi. Kila mmoja anajiona ameshinda.

Ubishi huo, ambao Maimuna (47) anaufanya mwaka wa kumi na tisa sasa, nusura uifunge karakana ya mazulia anakofanya kazi, yenye wafanyakazi 38.

Mazulia mengi ya hapa huuzwa Ulaya, kila moja kwa elfu kumi na nne. Mwaka jana watengenezaji wa huko walilalamika kuwa wageni wanauza kwa bei ya kutupa ili wawaue kibiashara. Sheria yao haina mzaha: ukibainika unauza kwao kwa bei ya chini kuliko kwenu, na unawaumiza, unabandikwa ushuru wa ziada. Ikaja fomu kutoka huko. Nyumbani mnauza bei gani? Maimuna, bila wasiwasi, akaandika elfu ishirini. Kwa hesabu hiyo, elfu kumi na nne ya Ulaya ikaonekana ni bei ya kutupa.

“Niliulizwa bei, nikataja bei,” anajitetea. “Hawakuuliza watu wanalipa ngapi!”

Mnunuzi wa Ulaya akasema ushuru ukija, yeye anahama. Maimuna akakosa hamu ya kula. Mshahara wake wa shilingi 280,000 ndio unaosomesha wanawe wawili.

Mkaguzi akatumwa kutoka Ulaya. Siku mbili alifukua stakabadhi za mauzo ya hapa: elfu kumi, tisa, kumi na moja. Uso ukaanza kumkunjuka. Siku ya kuaga akataka zulia la kumpelekea mkewe.

“Bei gani?” akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza.

Mazoea yana taabu. “Elfu ishirini,” Maimuna akajibu.

Mgeni akatoa noti mbili za elfu kumi.

“Niliona ushuru unarudi,” anasema Maimuna. “Nikamwambia, baba, usilipe! Sema sita!”

Mkaguzi akasema bei ni nzuri tu. Maimuna akamrudishia noti moja, mgeni akaikataa. Maimuna akamfuata hadi kwenye gari na kumtupia noti hiyo dirishani, huku akimsihi achukue stakabadhi ya elfu kumi.

Mwenye karakana, Xaveri Mpunga, akisimulia anacheka hadi machozi. “Miaka thelathini ya biashara, sijaona muuzaji anamgombeza mteja kwa sababu hakuomba apunguziwe.”

Mwezi uliopita barua ilifika: hakuna ushuru. Karakana nzima ilipika pilau, na Maimuna alilia mbele za watu bila aibu.

Baadaye alibandika bei moja ukutani: elfu kumi, haipungui. Wiki nzima akauza zulia moja. Wateja walisema ameota kiburi, akaibandua.

Sasa ana mpango mwingine.

“Fomu ikija tena nitaandika kumi,” anasema. “Halafu pembeni nitawaelezea: bei ya kwanza ya Mkilwa ni salamu tu, msiiingize kwenye sheria.”