Tumbo Lililonyamaza

Bosi wangu wa bucha pale Nyaishozi hakununua mbuzi kwa macho. Macho, alisema, hudanganywa na manyoya. Alipiga goti kwenye vumbi la mnada, akaweka sikio ubavuni mwa mbuzi, upande wa kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho, akafumba macho kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya. Wenye mbuzi walimcheka.

"Anakusalimia?"

Yeye aliinua mkono kuwanyamazisha. Akisikia ngurumo, ile ya mbali kama mvua inayokuja kutoka ng'ambo ya mlima, alisimama na kuanza kubishana bei. Asiposikia kitu alijipangusa goti na kuhamia kwa mwingine, hata kama mnyama amenona namna gani.

"Mbuzi aliyenyamaza tumbo sinunui," alisema. "Huyo keshakufa, bado kuambiwa tu."

Nilifika kwake nikitokea Kibingo, nilikokuwa nachunga ng'ombe wa watu, na kabla ya Kibingo nilikuwa Ndama nikichuma kahawa. Sijawahi kukaa mahali mpaka mgomba nilioupanda ukazaa. Shule niliiacha darasa la sita. Nyumbani walisema ni utukutu. Mimi nakumbuka zaidi kwamba kila mwalimu alipofika mahali ninapotaka kuuliza, alikuwa anafuta ubao.

Kwenye bucha kazi yangu ilikuwa utumbo. Shingo ilikatwa na Mwislamu mmoja mtu mzima wa pale senta, kama ilivyo desturi. Kupasua tumbo ilikuwa kazi ya bosi. Kilichomwagika humo kilikuwa changu. Nilikibeba kwenye beseni hadi kijitoni, nikakaa juu ya jiwe na kuanza kuosha. Wengi huiona kazi hiyo chafu. Mimi niliipenda, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kufuta ubao.

Vyumba vinne vya tumbo la mbuzi nilivijua kama nyumba niliyopanga. Kile kikubwa cha kuhifadhi majani, ambacho ukikiosha ndicho wateja wanakiita taulo. Kidogo chenye vitundu kama sega la nyuki. Kile cha kurasa, kitabu. Na cha mwisho chenye harufu ya uchachu, ambapo majani huacha kuwa majani. Kutoka hapo unaanza utumbo mwembamba, mrefu mpaka unachoka. Niliupitisha maji na kuugeuza ndani nje kama mkono wa shati, na ndani yake palikuwa na vinyweleo laini kama vya kitambaa cha mahameli. Humo, niliambiwa baadaye, ndimo chakula kinamoingia kwenye damu. Ule mnene unaofuata kazi yake ni kunyonya maji, na ndiyo maana mbuzi anadondosha vidonge vikavu.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni utando. Nilidhani utumbo umelala tumboni ovyo kama kamba iliyotupwa. Kumbe umening'inizwa. Kuna utando mwembamba wenye mafuta na mishipa ya damu, uliokusanywa upande mmoja kama kitenge kilichoshikwa kwa mkono mmoja, na utumbo wote ni kama pindo la kitenge hicho.

Nilimuuliza bosi kama na sisi tuko hivyo.

"Kampasue jirani uone," alisema. "Halafu njoo unieleze, maana na mimi sijui."

Alikuwa mtu wa mwili, mwenye maneno mengi, na mlaji. Jumapili ndiye aliyesoma matangazo kanisani, kwa sauti ileile aliyotumia kuita wateja. Kwa hiyo siku aliposukuma bakuli la supu pembeni bila kulimaliza, mkewe, ambaye mimi nilimwita shemeji, aliacha alichokuwa anafanya.

Kufikia mchana tumbo lilikuwa limevimba. Choo hakijapita tangu jana yake, hata upepo haupiti. Maumivu yalikuja kwa mawimbi, na kila wimbi likija tumbo lilinguruma mpaka sisi wa mlangoni tulisikia. Majirani walikuja na mubirizi. Haya ni majani machungu yanayoota pembezoni mwa karibu kila kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, huku kwetu. Tumbo likiuma unayaponda, unayakamua, unakunywa huku umekunja uso. Bosi alikunywa kikombe kizima.

"Sikieni linavyonguruma," alisema jirani mmoja, mzee mwenye shamba la kahawa linalopakana na lao. "Dawa inafukuza."

Walimpa kikombe cha pili. Akatapika. Wakasema hiyo nayo ni dalili nzuri, uchafu umepata njia.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amelala chali, ametulia. Maumivu yamepungua, ngurumo zimekwisha. Nyumba nzima ilikuwa na nyuso za watu waliopona. Jirani alikuwa ameshaagiza ndizi zimenywe, maana mgonjwa angeamka na njaa.

"Limetulia," waliambiana. "Mubirizi hauna mchezo."

Lakini tumbo lilikuwa bado limejaa, ngozi imekaza inang'aa kama ngoma. Bosi alinitazama kwa upande wa jicho.

"Wewe mzururaji. Njoo hapa. Piga goti."

Nikapiga goti kando ya kitanda.

"Sikiliza."

"Upande gani, bosi?"

"Kushoto! Kwani umeanza kazi leo?"

Niliweka sikio. Ngozi yake ilikuwa na jasho la baridi. Nilisikia pumzi, nikasikia moyo ukipiga mbali, kama mtu anayetwanga kwenye nyumba ya pili. Chini ya hapo hapakuwa na kitu. Nilihama kulia, nikarudi katikati. Kimya.

"Unasikia nini?"

Shemeji alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na kikombe mkononi. Nilitamani sana kuwa na jambo jingine la kusema.

"Hakuna kitu, bosi."

Akatazama bati.

"Ungeninunua?"

"Hapana, bosi."

"Basi iteni pikipiki."

Jirani alikasirika. "Mtu maumivu yamekwisha ndiyo anakimbilia hospitali? Mnamfuata nani huko?"

"Shikamoo yako, mzee," bosi alimjibu huku tukimwinua. "Hizo ndizi kula wewe."

Tulimweka katikati, dereva mbele, mimi nyuma nikiwa nimemkumbatia kama gunia. Shemeji alifuata na pikipiki nyingine. Kila tuta la barabarani bosi alilitaja kwa jina ambalo halisomwi kwenye matangazo.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini. Alimbonyeza tumbo, akaweka kifaa chake cha kusikilizia, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Niliitambua ile sura, ni sura ya mnadani. Kisha akaagiza picha, na picha ilipotoka akaiinua kwenye mwanga wa dirisha tukaona kitu kikubwa kilichojikunja, kimejaa hewa, kama mpira wa ndani wa tairi.

"Kuna mtu amewahi kufunga gunia la kahawa?" aliuliza.

Tuliitikia wote, hata mgonjwa.

"Kabla ya kupitisha kamba unafanya nini? Unausokota mdomo. Utumbo mkubwa, sehemu yake ya mwisho kushoto hapa, umejisokota hivyo kwenye utando wake. Kinachoingia hakitoki. Na utando ukisokotwa, mishipa inabanwa, damu haifiki, utumbo unaanza kufa. Mwanzo unapigana, ndiyo zile ngurumo. Ukichoka unanyamaza. Maumivu yakipungua hapo, si kupona huko."

Niliona kile kitenge changu cha kijitoni kikizungushwa mkononi. Nikauliza kwa nini unajisokota. Akasema huwapata zaidi watu ambao sehemu hiyo ya utumbo wao imekuwa ndefu na legevu, na kwamba inadhaniwa vyakula vyenye makapi mengi vinachangia kuirefusha kwa miaka.

"Kwa hiyo ni ndizi na maharage?"

"Ndizi na maharage havina kosa. Kuleni. Kosa ni kukaa na tumbo lililovimba, choo hakipiti wala upepo haupiti, mkiliongezea dawa za kunywa." Kisha akamgeukia bosi. "Baba, inabidi tufungue. Leo."

Hapo ndipo nilipomwona bosi wangu akiogopa. Mikono ile mikubwa ilishika pande mbili za kitanda.

"Daktari," alisema, "mimi nimefungua matumbo tangu ujana wangu. Sijaona hata mmoja aliyeamka baadaye akaomba chai."

"Wewe ulikuwa unafungua una njaa," daktari alisema. "Mimi nimeshakula."

Shemeji alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Bosi alimtazama mkewe akilia. Akaachia kitanda.

"Haya, fungua. Ila ukikuta pazuri usiuze."

Tulisubiri nje kwenye benchi. Sikujua la kumwambia shemeji, kwa hiyo nikamweleza utumbo ulivyoning'inizwa, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho, nadhani kwa sababu ilikuwa sauti ya mtu. Daktari alipotoka alisema kipande kimoja kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Wamekikata, wameunga kizima kwa kizima.

"Mmewahi," alisema. "Si kwa mbali, lakini mmewahi. Sasa tunasubiri utumbo uamke."

"Kwani unalala?"

"Ukiguswa na mikono unasusa. Unaacha kusukuma. Baadaye unajianzia wenyewe, hakuna anayeweza kuulazimisha. Ukiamka utatuambia kwa upepo. Akijamba, amepona nusu. Asipojamba, au pale tulipounga pakivuja, itabidi tufungue tena, na mara ya pili ni nzito kuliko ya kwanza."

Ndivyo maisha ya mtu mzima yalivyokuja kuning'inia kwenye kitu ambacho watoto wanachapwa wakikifanya mbele ya wageni. Bosi alilala na mrija puani na maji ya dripu mkononi, haruhusiwi hata uji. Kila asubuhi nesi alipita kitanda hadi kitanda na sauti ya kusikika korido nzima.

"Baba wa bucha! Umejamba?"

Bosi alivuta shuka usoni. Wagonjwa wenzake walijibu kwa niaba yake.

"Bado, sista. Anaona aibu."

"Mwambieni atangaze kama kanisani!" sista akajibu.

Mwanzoni tulicheka wote. Kisha tumbo likaanza kujaa tena. Si sana, lakini shemeji alilipima kwa kiganja kila alipombadilishia shuka, na niliona kiganja kikikaa pale muda mrefu zaidi ya jana. Daktari alikuja, akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa, akasema kitu kimoja tu: tungoje hadi kesho. Nesi hakuuliza swali lake mbele ya daktari. Hata wale wa vitanda vya jirani waliacha utani. Mimi nilikuwa nimepanga kuondoka Nyaishozi mwezi ule, kwenda kuona Murongo na mpaka, na nikajikuta siukumbuki tena mpaka.

Mchana wa siku ile alifika mama mkwe wa bosi, kutoka Kibingo.

Ieleweke hapa kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawachezi pamoja. Mwanamume hali chakula mbele yake, hawashikani mikono, na wakikutana njiani kwenye migomba mmoja huacha njia. Bosi, ambaye alimtania kila mtu sokoni, akimsikia mama huyo mlangoni, hutorokea mlango wa nyuma. Lakini habari kwamba huenda mkwewe akafunguliwa mara ya pili zilikuwa zimemfikia, na yeye akajitanda kitenge chake kizuri, akaja.

Wodi nzima ilielewa. Shemeji aliweka kiti karibu na mlango, mbali na kitanda, na mama akakaa akiwa ameelekeza uso dirishani, mikono mapajani. Bosi alijivuta akafunika mrija kwa mkono, kama mtu aliyekutwa hajavaa.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia.

"Marahaba, baba. Pole."

"Nimeshapoa, mama."

Mama alitazama dirisha. Bosi alitazama dari. Nilikuwa nimesimama karibu yake, na nikaona uso wake ukibadilika. Macho yalimtoka. Alishika shuka, akabana midomo, akatikisa kichwa kidogo, kama anayemsihi mtu asiyeonekana. Nilidhani pale palipoungwa pamevuja. Nikageuka nimwite nesi.

"Usiite," alinong'ona. "Mtoe mama. Haraka, mtoe—"

Hakumaliza. Ilitoka ndefu, ya kujivuta, yenye vituo na kuendelea, kama pikipiki inayopanda mlima ikibadilisha gia, na ilipodhaniwa imefika ikaongeza.

Hakuna aliyepumua. Bosi alikuwa ameshazama chini ya shuka, mrija na yote. Shemeji alisimama katikati ya kitanda na kiti, mkono mdomoni, hajui amtazame mume au mama. Nesi alitokea mlangoni, akaona nyuso zetu, na safari hii hakuwa na haja ya kuuliza.

Niliinama, nikafunua shuka pembeni kidogo, nikaweka sikio upande wa kushoto. Kulikuwa na mvua huko ndani.

Mama mkwe hakugeuza uso kutoka dirishani. Alikunja mikono yake, akasema kwa Kinyambo, taratibu, kama mtu anayeshukuru kabla ya kula, "Kasinge, waitu." Ni shukrani ya kwetu.

Sauti ilitoka chini ya shuka. "Ameshaondoka?"

"Bado, bosi. Amekaa."

"Basi niacheni humuhumu."

Mama akafungua kikapu alichokuja nacho, akatoa kifuko cha unga na kumpa binti yake bila kumtazama yeyote.

"Muulize sista kama anaweza kupewa uji," alisema. "Mwembamba. Na asiniogope, mimi ni mzee, sisikii vizuri."