Shangazi na Gari Lililokataa Kumbeba

Gari letu lilikuwa pikapu nyeupe, iliyochakaa kabla haijafika mikononi mwetu, na kwa miezi kadhaa lilikuwa likizimika njiani bila sababu. Hadithi ingeishia hapo kama watu wa nyumbani wangekubali kwamba sababu haijulikani. Hawakukubali. Kwao sababu ilijulikana, na ilikuwa ikikaa kwenye kiti cha mbele.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alihamia kwetu Lubumbashi mama yetu alipofariki. Ndiye aliyetulea, mimi na kaka yangu, mpaka mimi nikamaliza chuo kikuu na kaka akaanza kuendesha gari la baba. Kwetu mtu mzima wa umri wake hapandi nyuma ya pikapu. Akisafiri nasi, kiti cha mbele ni chake peke yake, hata kama safari inaishia sokoni. Sisi wengine tunajipanga nyuma, juu ya magunia.

Kaka akienda kuchukua unga na mboga kwenye mashamba ya barabara ya Kasumbalesa, gari lilikwenda na kurudi bila kukohoa. Akipanda shangazi, lilizimika. Lilizimika tukienda misa. Lilizimika tukienda matanga, nyuma yetu malori ya shaba yakipiga honi. Kila mara tulishuka wote, tukasimama kando ya barabara, kaka akaomba kwa sauti kubwa. Tukipanda tena, linawaka.

Kaka alikuwa wa kikundi kimoja cha maombi. Mama anayekiongoza alikuja nyumbani, akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho.

"Motere iko muzima," alisema. "Kuko muntu mwenye kufunga njia ya hii nyumba. Muntu mukubwa. Mwanamuke."

Hakutaja jina. Nyumbani kwetu mwanamke mkubwa alikuwa mmoja tu, na wakati huo alikuwa jikoni akisonga bukari, ugali wetu wa mchana.

Wiki ile ile kaka alimwambia baba kwamba shangazi apelekwe Kilwa, si ile ya pwani bali ya huku kwetu, kwa ndugu wa mbali walioko kandokando ya ziwa, "apumzike kidogo." Neno *mulozi*, mchawi, halikutamkwa. Halikuhitajika. Baba aliinamisha kichwa, kisha akakubali: Jumamosi kulikuwa na lori la samaki linalorudi huko. Kila mtu hapa anaujua urefu na ubovu wa barabara ya Kilwa. Mwanamke wa umri ule hatupwi juu ya lori kwenye barabara ile ili apumzike.

"Papa," nilisema wakati tunakula, "gari inazimika, tunafukuza muntu? Siku tairi itapasuka, tutafukuza nani?"

"Chunga kinywa yako," baba alijibu.

Kaka akacheka. "Muache, Papa. Intello wetu amesoma fizikia. Basi atengeneze."

"Nitatengeneza."

"Mbele ya Jumamosi?"

"Mbele ya Jumamosi. Na weye ndiye utaendesha."

Sikujua kutengeneza gari. Nilichojua ni kuuliza, na nyumbani kwetu hilo lilihesabiwa kuwa ugonjwa.

Nilianza na fundi wetu. Alikuwa amebadilisha chujio, amesafisha tangi kwa kuwa petroli ya chupa za barabarani huja na uchafu wake, amekaza vichwa vya betri. "Kila mara naijaribisha," aliniambia, "inatembea tu muzuri."

"Unaijaribisha na nani ndani?"

"Na nani tena? Mi peke yangu."

Ndipo nilipoona upumbavu wetu sote. Gari lilikuwa likiugua mbele ya shangazi, nasi tukawa tunalipeleka kwa daktari bila shangazi. Waliomshuku walimwacha nyumbani kwa hofu. Mimi, nisiyemshuku, nilimwacha kwa aibu, nisije nikaonekana namshuku. Matokeo yalikuwa yale yale.

Nilimkuta chumbani akikunja vitenge vyake na kuvipanga kwenye mfuko.

"Tantine, vaa viatu. Tunaenda kujaribisha gari."

"Minakatala," alikataa.

"Juu ya nini?"

Aliendelea kulainisha kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Mutoto wangu, na kama ni mi? Banasema muntu anaweza kuwa nayo bila kujua."

Nilikuwa nimemkasirikia kaka, na baba, na yule mama wa maombi. Lakini hasira iliyonipata pale ilikuwa nyingine. Walikuwa wamefika mpaka ndani ya kichwa chake. Nilimvalisha viatu mwenyewe.

Tukachukua barabara ya kwenda Kinsevere, ambayo malori ya mgodi yameitoboa vizuri. Kaka aliendesha, shangazi mbele, mimi na fundi nyuma. Hatukufika mbali. Gari lilishtuka mara moja na kuzimika.

"Umeona?" kaka alipiga kelele. Tukashuka wote, akaomba, likawaka.

"Sasa mi nakaa mbele," nilisema. "Tantine atapanda nyuma."

"Mukubwa apande nyuma?" Fundi alishangaa kuliko kaka. Lakini shangazi alikuwa tayari amekaza kitenge kiunoni, akapanda bila kushikwa mkono. Tulipita mashimo yale yale, tukarudi, tukayapita tena. Gari halikuzimika.

Kaka aligonga usukani kwa furaha. "Eh, fizikia! Inasema nini sasa?"

Fizikia ilisema vile vile alivyosema yeye: tatizo linakuja na shangazi. Sikuwa na haki ya kukataa nilichokiona. Nilichokataa ni kuishia hapo. Shangazi anafanya nini mle ndani ambacho mimi sifanyi? Hilo hakuna aliyeliuliza, kwa sababu wote walishaamua kwamba kosa lake halihitaji kufanya kitu. Kuwepo kulitosha.

Nilimrudisha mbele, kisha nikajibana katikati yake na kaka, jambo ambalo kwa heshima hakuna aliyewahi kulifanya. Na badala ya kuangalia barabara, niliangalia miguu yake.

Shangazi ni mrefu. Kabla ya kila shimo alinyoosha miguu na kukandamiza nyayo kwenye sakafu iliyoinama pale mbele, chini ya dashibodi, kwa nguvu zote, kama mtu anayefunga breki. Akakandamiza. Gari likazimika.

Mkono wa kaka ulikuwa tayari mlangoni.

"Usishuke! Hakuna mwenye kushuka. Tantine, rudisha miguu. Weye, washa."

Likawaka.

"Tantine, sukuma."

Likazimika.

"Rudisha."

Likawaka. Shangazi alisukuma tena bila kuambiwa, na tena, na kila gari lilipozimika alicheka zaidi, mpaka machozi yakamtoka.

Fundi alifunua zulia. Pikapu yetu, kama nyingi zinazoingia kwetu, ilifika na usukani wa kulia, ikahamishiwa kushoto mtaani. Aliyeuhamisha alirefusha nyaya za swichi ya kuwashia kwa kuzisokota tu na kuzizungushia utepe mweusi, kisha fungu lililobaki akalisokomeza pale palipokuwa na pedali. Utepe ulikuwa umechoka. Nyayo za shangazi zilitenganisha nyaya. Tuliposhuka kuomba yeye naye alishuka, nyaya zikagusana. Huo ndio ulikuwa muujiza wetu wa kando ya barabara.

Jioni ile baba alizishika nyaya zile mkononi. "Yaya," alimwambia shangazi, kama amwitavyo dada yake mkubwa, "haukwendi fasi. Utabaki hapa."

Nilidhani imekwisha. Kaka akasema: "Sawa, nyaya. Lakini nani alimutuma asukume pale tu?" Na Jumapili yule mama wa maombi alikuja kushukuru. Alisimama uani mbele yetu, akatangaza kwamba kifungo kimekatwa.

Baba alitaka yapite. Mimi nilisimama.

"Mama, ulisema muntu mukubwa, mwanamuke. Taja jina."

"Mutoto, tusirudie ya nyuma. Bwana ameshinda."

"Alimushinda nani? Eko hapa, anakuangalia. Taja."

Nilimsubiri baba aniambie nichunge kinywa. Akamgeukia mgeni, akangoja jina. Shangazi alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono magotini. "Na mi nangojea," alisema.

Mama wa maombi alimtazama baba, akamtazama kaka, akakuta hakuna wa kumsaidia. Akakumbuka kwamba anangojewa kwenye nyumba nyingine. Alipotoka, shangazi hakuligeukia lango. Alimgeukia kaka.

"Na weye ulisema Kilwa. Ulikuwa unasema nani?"

Kaka alikuwa akiangalia chini. "Tantine," alisema kwa sauti ndogo.

"Niangalie kwanza."

Hakuna aliyeinuka pale uani mpaka kaka alipomwangalia.