Tambi za Duane, Deni la Marlys

Ni saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi. Katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri la Salo Creek, Marlys Heikkinen anakatakata vitunguu. Kilo kumi zimekwisha, kumi nyingine zinamsubiri kwenye gunia. Machozi yanamtiririka na hayafuti. Leo vitunguu vinamfaa, maana hakuna atakayemuuliza analia nini.

Mlangoni, chini ya ngazi, limebandikwa tangazo lenye picha ya mwanamume anayecheka, mguu wake mmoja umenyooshwa juu ya kiti. "TUMSIMAMISHE DUANE," linasema. "Tambi, mchuzi wa nyama, mkate wa kitunguu saumu. Dola kumi na mbili. Watoto dola sita."

Duane Kangas ni mtoto wa shangazi yake Marlys. Mwezi Januari alikuwa akikwangua theluji paani kwake, akateleza, akaanguka na kuvunjika goti. Bima ikalipa sehemu, hospitali ikadai iliyobaki, na mji ukafanya kile ambacho mji huu hukifanya siku zote: ukapanga siku ya tambi, watu wanunue sahani na pesa zimwendee mgonjwa.

Duane huyohuyo ndiye aliyemwachia Marlys deni la dola elfu arobaini na moja.

Mwandishi wa habari hii alitumwa pale kuandika habari za Duane. Alipomuuliza Marlys kama ana neno la kusema, mama huyu hakuinua macho kutoka kwenye ubao.

"Andika kwamba vitunguu nimenunua mimi," alisema.

Marlys ana miaka hamsini na minane. Siku za wiki anapika kwenye jiko la shule, sahani mia mbili na kumi kila mchana. Jumamosi na Jumapili anasafisha vyumba vya moteli kando ya barabara kuu, wenye pikipiki za theluji wakishaondoka na kuacha taulo zimejaa grisi. Leo ameomba ruhusa moteli. Ruhusa hiyo imemgharimu dola themanini na nane.

Kwa nini hakukataa kuja? Mtu wa hapa haulizi swali hilo. Mke wa mchungaji akikupigia simu kuhusu siku ya tambi, huulizi ni ya nani. Unauliza ufike saa ngapi. Na Verna Lampinen, mke wa mchungaji, alipopiga simu, aliongeza ombi moja: Marlys aje na zile sufuria zake tatu kubwa.

Sufuria hizo zina historia. Miaka tisa iliyopita, Marlys na Duane walifungua duka la pasti, yaani mikate midogo ya nyama, pale kwenye njia panda, wakaliita Kangas na Heikkinen. Marlys aliamka saa tisa usiku kusukuma unga na kuujaza nyama, viazi na vitunguu. Duane alifika saa mbili, akavaa aproni safi, akauza na kupiga soga na wateja. Watu walimpenda, na hata Marlys anakiri kwamba walikuwa na haki ya kumpenda.

Walikopa dola elfu hamsini na nane kununua oveni na friza na kuezeka upya. Wote wawili walitia saini. Marlys aliweka rehani nyumba ya wazazi wake. Duane alikuwa amepanga, hakuwa na cha kuweka.

Mambo yalikwenda vizuri hadi daraja lilipofungwa kwa matengenezo kwa majira mawili ya joto mfululizo. Watalii wakapitia njia nyingine, duka likafungwa. Vifaa vikauzwa kwa bei ya kutupa, na likabaki deni la elfu arobaini na moja.

Duane akamtafuta wakili, akaenda mahakamani, akatangaza kufilisika. Madeni yake yakafutwa, sehemu yake ya duka ikiwemo. Ni haki yake kisheria. Mkopeshaji akageuka na kumtazama aliyebaki.

"Miye nilidhani ni nusu kwa nusu," anasema Marlys. "Karani wa mkopeshaji akachukua kalamu akanipigia mstari kwenye mkataba: kila mmoja ameahidi kulipa lote. Lote! Nikamwambia, basi huyu mwenzangu ameahidi nini? Akaniambia, yeye ahadi yake imefutwa."

Anacheka kicheko kikavu. "Mimi na sheria hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na yeye. Anapita na gari mbele ya nyumba yangu, ananipungia mkono. Ananipungia mkono, unasikia?"

Hapa gazeti hili lina lake la kujibu. Duane alipofilisika, jina lake lilichapishwa kwenye ukurasa wa matangazo ya mahakama, na wiki hiyo watu walimpelekea bakuli kumi na moja za chakula. Marlys hakuchapishwa popote. Mtu anayelipa hana ukurasa. Mji mzima ukadhani na yeye amefutiwa, naye hakumsahihisha mtu.

"Hapa huongei habari za pesa zako," anasema. "Mama yangu angefufuka anizabe kofi."

Basi akalipa kimyakimya. Kwa mwezi, shule na moteli zikiwekwa pamoja, anapata dola elfu moja mia sita na tisini mkononi. Mia sita na arobaini ni za deni la duka. Tisini ni za kadi ya benki, aliyoitumia kuwalipa wauzaji wa unga na nyama duka lilipokuwa likikata roho. Hamsini ni za upasuaji wa mawe ya nyongo. Zinazobaki ni za gesi ya kupasha nyumba joto, umeme, petroli na chakula.

"Nyama nakula shuleni," anasema.

Kiangazi kilichopita ndicho kilichomwangusha. Shule hufunga miezi mitatu na jiko halilipi mtu. Katikati ya miezi hiyo giaboksi ya gari lake ikafa, na bila gari hapa huna kazi. Akaruka malipo matatu. Mwezi Februari barua ikaja: alete dola elfu mbili na mia moja, faini ikiwemo, kabla ya tarehe thelathini Aprili. La sivyo nyumba inapigwa mnada.

Nyuma ya nyumba hiyo kuna sauna ya magogo. Babu yake aliijenga kabla hajajenga nyumba yenyewe, na baba yake alizaliwa ndani yake. Marlys hakutaka hilo liandikwe. Liandikwe tu, maana watu waliokula tambi siku ile walipaswa kulijua.

Kufikia siku ile ya tambi alikuwa amekusanya elfu moja mia tano na arobaini. Mia moja na kumi zingetoka moteli wiki ifuatayo. Zilipungua mia nne na hamsini, na mia nne na hamsini ndiyo bei aliyokubaliana na Gordon Tervo, mpishi wa kambi ya wawindaji, kwa sufuria tatu za lita sitini. Marlys alizinunua kwa pesa zake kabla ya mkopo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuzichukua. Gordon angefika nyumbani kwake saa tisa alasiri. Asipozikuta, angeagiza mpya mjini.

Saa sita mchana ukumbi umefurika. Duane amekaa karibu na mlango, magongo yameegemezwa ukutani, anashika mkono wa kila anayeingia. Marlys anapopita na trei ya mkate, anamwita kwa sauti.

"Binamu! Mchuzi huu bwana! Tungekuwa nao dukani, tusingefunga!"

"Tulikuwa nao," anajibu Marlys. "Wewe ulikuwa bado umelala."

Meza nzima inaangua kicheko. Wanadhani ni utani.

Saa nane, sufuria mbili zimekwisha kuwa tupu, ya tatu ina mchuzi nusu, na foleni bado imefika kwenye ngazi. Marlys anaanza kusugua. Verna anaingia jikoni, mikono imejaa sahani.

"Marlys mpenzi, usihangaike na kuosha. Ziache hapahapa. Ijumaa tuna samaki wa kukaanga."

"Siwezi, Verna. Saa tisa kuna mtu anakuja kuzichukua."

"Mwambie aje wiki ijayo. Hizi siku hizi ni kama sufuria za kanisa."

"Si za kanisa."

"Jamani, na watu bado wako kwenye foleni! Ni kwa ajili ya Duane, Marlys. Kavunjika goti. Nyinyi wawili mahakama imewafutia madeni yenu yote. Kurudisha kidogo kwa watu ni vibaya?"

Marlys anaweka chini dodoki. Anapita mbele ya Verna na kuingia ukumbini, mapovu yakimdondoka viwikoni. Hapandi jukwaani, hashiki kipaza sauti. Anasimama katikati ya meza.

"Mimi sijafutiwa hata senti," anasema. "Mnasikia? Hata senti. Miaka mitatu nalipa lile duka, nusu yangu na nusu ya huyu. Mwisho wa mwezi huu nyumba ya baba yangu inauzwa nisipolipa. Nimekuja hapa na vitunguu vyangu na sufuria zangu kumpikia huyu. Na Verna anasema nirudishe kidogo!"

Watu wanageuza viti kumtazama Duane. Duane amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Marlys, si hapa," anasema kwa sauti ya chini.

"Basi wapi? Sema wewe, wapi?"

"Mimi nilidhani ulimalizana nao."

"Hukudhani. Hukuuliza."

Duane anatazama goti lake. Mwanamume mmoja wa meza ya nyuma anajaribu kuokoa mambo. "Basi na wewe tukufanyie siku ya tambi, Marlys! Mwezi ujao!"

"Sitaki tambi zenu!" anasema Marlys. "Mtaniita mwenyewe nije kupika."

Safari hii hakuna anayecheka. Marlys anarudi jikoni, anachota mchuzi uliobaki na kuumimina kwenye ndoo za plastiki za aiskrimu, ndoo baada ya ndoo, bila kumwaga tone. Verna anasimama kando na sahani zake.

"Mchuzi wenu huo," Marlys anamwambia. "Hizi zangu."

Wanaume wawili wanainuka bila kuambiwa, wanazibeba sufuria hadi kwenye gari. Mmoja anaufunga mlango wa nyuma kwa upole kupita kiasi. Saa tisa na dakika tano, Gordon Tervo anahesabu noti kwenye varanda ya Marlys, harufu ya kitunguu saumu ikiwa bado kwenye chuma.

Siku ya tambi iliingiza dola elfu nne mia tatu na sitini. Mwandishi wa habari hii naye alilipa kumi na mbili zake, akala, na akaomba aongezewe. Hilo halimtoki moyoni.

Jumanne Duane alikubali kuongea, akiwa mlangoni kwake. "Kisheria mimi sidaiwi," alisema. Kisha akaongeza, "Marlys naye angeniambia."

Kesho yake bahasha yenye dola mia tatu ilikutwa imebanwa kwenye mlango wa Marlys. Mchana huohuo aliirudisha.

"Hizo watu wametoa kwa goti," anasema. "Alipe goti nazo. Akiwa mzima huwa anafanya kibarua cha kuondoa theluji kwenye maegesho, analipwa taslimu. Aniletee mia tatu na ishirini kila mwezi kutoka mfukoni mwake. Hiyo ndiyo nusu. Akilia, alie akileta."

Hadi habari hii inaandikwa, Duane hajaleta kitu. Marlys hamngojei.

Tarehe ishirini na nane Aprili alipanga noti zake kwenye kaunta ya mkopeshaji, elfu mbili na mia moja kamili, akapewa risiti. Mnada ukafutwa. Sasa imebaki elfu kumi na sita mia sita na arobaini, yaani miezi ishirini na sita, kama gari halitakufa tena. Malipo ya mwisho yataangukia mwezi Juni, mwaka keshokutwa.

Siku hiyo ameipangia jambo moja. Amekwisha kuuliza bei ya tangazo dogo katika gazeti hili, kwenye ukurasa uleule lilipotoka jina la Duane. Ni dola thelathini na nane. Maneno yako tayari, kwa penseli, kwenye karatasi iliyo ndani ya droo ya vijiko:

"Marlys Heikkinen amelipa deni lote la duka la Kangas na Heikkinen. Nusu yake, na nusu ya Duane Kangas."

Aliambiwa kwamba huenda mhariri akasita kuchapisha majina yote mawili.

"Basi afute langu," alisema, akasukuma droo ikafunga. "La Duane libaki."